Dereva Aliyerudi Kuangalia Mawe

Watu wakisikia kwamba maisha yangu yote ya kazi nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, wanapunguza sauti kama tuko msibani. "Mama Masika, na hukuogopa?" Niliogopa, ndiyo. Niliogopa maharagwe ya jikoni kwetu, maana mpishi wetu aliamini kwamba kuni zikionyeshwa tu kwa sufuria, chakula kinaiva. Wagonjwa sikuwaogopa. Wengi wao walikuwa wapole kuliko mimi, na wengine walinipita akili. Shida ni kwamba akili hiyo ilikuwa inawafanyisha kazi bila kuwapa hata siku ya kupumzika.

Naandika haya kwa ajili yenu, vijana mnaokuja staji kujifunza uuguzi, na blauzi nyeupe za kazi ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Juzi mmoja wenu alikuja hapa kwangu Katindo, akanywa chai, akaniuliza swali: "Mama, mgonjwa wa wasiwasi anajua kabisa kwamba anachofanya hakina maana. Sasa juu ya nini asiache?" Nilianza kumjibu kwa habari ya dereva mmoja. Chai ikapoa, mvua ikaja, ikabidi akimbie kabla sijafika hata katikati. Basi kaeni, niimalize.

Lakini nitaanza na kufuli.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Muzee Bahati, muuguzi wa zamani, mrefu, mwembamba, mwenye koti alilolivaa hata jua likichoma. Ubao na chaki hakuvipenda. Mchana mmoja, nilipokuwa mgeni kazini, alituita mimi na wenzangu mbele ya mlango wa chumba cha dawa, akanipa kufuli.

"Funga."

Nikafunga.

"Angalia kama umefunga."

Nikalivuta. Limeshika.

"Angalia tena. Na tena. Usiache mpaka nikuambie."

Nilivuta lile kufuli mpaka wenzangu wakachoka kucheka. Kisha akanipeleka uani, mbali na mlango, akaniuliza, "Masika, ile mara ya mwisho ulipovuta, ilikuwa namna gani?"

Nilikumbuka kuvuta, lakini kuvuta kupi? Zote zilikuwa zimechanganyika kama uji.

"Sasa, mlango umefungwa?"

"Umefungwa, muzee. Nafikiri."

Alipiga makofi kwa furaha. "Mumesikia? Alipofunga mara moja, alijua. Alipoangalia sana, akaanza kufikiri!"

Wenzangu wakacheka upya. Mimi nilicheka nao, lakini kabla ya kurudi nyumbani nilipita tena pale mlangoni, nikatazama kufuli kwa jicho la pembeni ili mtu asinione.

Muzee Bahati alikuwa na usemi wake, akiurudia hata kwenye foleni ya maji. Mawazo ya ajabu yanampitia kila mtu, alisema. Hata padri yuko kwenye misa, wazo la kipumbavu linampitia. Mgonjwa hatofautiani na sisi kwa lile wazo. Anatofautiana kwa kile anachoamini juu ya wazo lake. "Kwa hiyo usimuulize tu unawaza nini," alisema. "Muulize: hilo wazo likija, unafikiri linakuambia nini?"

Mwanzoni nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikia sauti yake. Kisha akaja Ramazani.

Ramazani si jina lake. Jina nimelibadilisha, na mwenyewe ameniruhusu kusimulia mengine yote, akisema pengine kuna dereva mwingine anayehitaji kusikia. Alikuwa mtu wa mtaa wa Murara, Mwislamu. Babu yake alikuja na biashara kutoka Maniema, na tangu hapo ukoo mzima ni watu wa barabara. Yeye aliendesha kamyo, lori la tajiri mmoja, akipakia maharagwe, kabichi na nyanya upande wa Rutshuru na kushusha hapa Goma. Mke wake, Mama Zaina, alikuwa mwuza nyanya. Mara nyingi walisafiri pamoja, bwana kwenye usukani, mama pembeni yake, nyanya nyuma.

Ile barabara mnaijua. Ina mashimo, ina mawe ya volkano, ina matuta ambayo hakuna anayejua nani aliyaweka. Gari linaruka. Kwako na kwangu, kuruka ni kuruka. Kwa Ramazani, kila gari liliporuka wazo lilimjia: nimegonga mtu.

Alisimama, akashuka, akatazama chini ya matairi. Hakuna mtu. Alipanda, akaendesha kidogo, na wazo likamwambia: pengine alirushwa kando, yuko kwenye majani. Basi anageuza kamyo na mzigo wake wote, anarudi kupekua majani. Na katika kurudi, gari linaruka tena kwenye jiwe lile lile, na sasa ana watu wawili wa kutafuta.

Siku waliyofika kwenye kituo chetu cha wagonjwa wa akili, Mama Zaina ndiye aliyeingia kwanza, amemshika mume wake mkono wa shati.

"Mama," alianza kabla hajakaa, "bwana yangu haiko mwendawazimu. Ni mutu wa kusali, ni mutu wa kazi. Lakini nyanya zangu zinafika Goma zimekuwa sosi."

Ramazani alikaa akitazama sakafu. Mwanaume mkubwa, shati limepigwa pasi, kofia safi kichwani. Niliona aibu yake kabla sijasikia sauti yake.

"Akiwa na mimi ndani ya gari siyo mbaya sana," alisema polepole. "Namuuliza. Akisema ni jiwe, napita."

"Anaulizaje?" nilimgeukia mama.

"Ee, mama! Tangu Kibumba mpaka Rugari siwezi ata kusinzia. 'Mama Zaina, umeona? Ni jiwe? Kweli ni jiwe? Apa kama ni jiwe.' Basi naapa. Dini inatukataza kuapa ovyo, lakini miye kila siku naapa juu ya mawe."

Nilicheka, na yeye akacheka, na hata Ramazani aliinua macho kidogo. Kisha wakaniambia kilichowaleta, na kicheko kikaisha.

Siku chache nyuma, Ramazani alikuwa peke yake barabarani. Gari liliruka karibu na barieri moja, kizuizi cha barabarani. Aligeuza. Akaangalia, hakuona kitu, akaendelea, kisha akageuza tena. Wenye bunduki waliokaa pale wakaona kamyo inakuja, inarudi, inakuja, inarudi. Wakamshusha.

"Unatafuta nini hapa? Unapeleleza nani?"

Sasa fikirieni. Utamwelezaje mtu mwenye bunduki kwamba unatafuta maiti ambayo hujui kama ipo? Ramazani, kwa kuwa hajui kusema uongo, alijibu: "Natafuta mutu niligonga."

"Umegonga mutu? Wapi?"

"Sijui kama nilimugonga."

Walimpiga. Walimkalisha chini mpaka jioni, wakisema huyu ni mpelelezi anayejifanya mjinga. Mama Zaina alipopata habari alipanda pikipiki akaenda, akalia mbele yao mpaka wakachoka naye. Mwenye kamyo naye akasema: safari moja zaidi ya namna hiyo, na funguo anampa dereva mwingine.

"Siku ingine watamuua," Mama Zaina aliniambia, na safari hii hakuwa anacheka. "Watamuua juu ya jiwe."

Majirani wa Murara walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema marehemu fulani amepanda kamyo na hataki kushuka. Ndugu zake walitaka kumpeleka kwa mganga. Aliyewazuia ni shehe wa msikiti wao, mtu ninayemshukuru mpaka leo, ingawa tulionana mara chache. Alikuwa amewaona watu wanaotawadha mpaka ngozi inachubuka kwa kuhofu udhu haukutimia, akaujua ugonjwa huu kwa sura. Alimwambia Ramazani, "Jini silioni hapa. Naona wasiwasi, na wasiwasi una dawa. Nenda kwa wenye kuujua." Ndiyo maana nawaambia, msimfukuze mtu wa dini anayemleta mgonjwa. Mpeni kiti.

Dokta wetu alimwandikia vidonge, akamwonya kwamba vitachukua muda kabla havijaanza kusaidia. Vidonge vilisaidia, na asije mtu akasema Mama Masika anadharau dawa. Lakini zamani kidogo, kabla ya wakati wa Ramazani, tulikuwa tunampa mgonjwa wa namna hii dawa ya kumlaza, na akilala tunasema ametulia. Bila shaka ametulia, amelala! Dereva hawezi kuendesha amelala. Kazi ya kuzungumza ilibaki kwangu.

Nikamuuliza swali la Muzee Bahati. "Ramazani, hilo wazo likija, unafikiri linakuambia nini?"

Nje mtu alikuwa anakata kuni za mpishi.

"Linaniambia nimegonga," alisema mwishowe. "Mama, mutu anaweza kuwaza kitu kama hicho bure? Kama sikugonga, wazo lilitoka wapi? Na kama niliwaza na sikurudi kuangalia, basi mi ni muuaji tu, ata kama hakuna mutu kwa barabara."

Hapo, vijana, ndipo nilipomwelewa Muzee Bahati. Mimi na wewe gari likiruka tunaweza kuwaza "huenda nimegonga mtu", na wazo linapita kama nzi dirishani. Ramazani alilipokea kama habari iliyoletwa na mjumbe. Tena aliamini kuwaza jambo baya ni nusu ya kulitenda. Kisha aliamini kwamba akirudi kuangalia atapata uhakika na kupumzika. Kwa mtu anayeamini hivyo, kurudi si ujinga hata kidogo. Wewe ungeamini hivyo, ungerudi pia, na mimi ningerudi mbele yako. Kumwambia tu "acha" ni kumwambia mtu aache kuzima moto anaouona.

Basi tukaanza kuyapima yale aliyoyaamini. Nilikaa kwenye kiti changu cha mbao, na mwili wangu mnaujua, sikupungukiwa. Nikamwambia, "Waza kwamba kiti hiki kinavunjika na mimi naanguka. Waza kwa nguvu zako zote."

Alishtuka. "Hapana, mama. Usinitie dhambini."

"Waza."

"Mama, na vile kiti kenyewe kimechoka!"

Alifumba macho akawaza huku jasho likimtoka puani. Mimi niliendelea kukaa. Kiti kililia kidogo, kama kilivyolia kila siku, kikanyamaza. Tulisubiri mpaka akafungua jicho moja.

"Sasa waza kwamba mimi nimekuwa msichana mwembamba wa kwenda shule."

Mama Zaina, aliyekuwa ameketi pembeni, alimpigia mumewe kelele: "Hiyo acha, papa, utaumwa kichwa bure!"

Tulicheka mpaka mpishi akachungulia mlangoni. Lakini Ramazani, alipomaliza kucheka, alibaki akitazama kile kiti. Jumatano iliyofuata aliniambia kwamba alikuwa amemwuliza shehe juu ya mawazo mabaya, na shehe amemjibu kwamba wazo linalopita moyoni bila kulitenda haliandikwi kuwa dhambi. Nilifurahi sana. Kama ningemwambia mimi, Mkatoliki wa Butembo, angenisikia kwa heshima tu.

Kilichokuwa kigumu ni ule uhakika. Nilimuuliza, "Mara ya kwanza unapita kwenye jiwe, kabla hujarudi, unakumbuka nini?"

"Nakumbuka jiwe. Gari liliruka. Barabara ilikuwa wazi."

"Na ukisharudi na kurudi tena, unakumbuka nini?"

Alikunja uso. Nilimwona akirudi kichwani mwake mpaka kule barabarani, akitafuta. "Ukungu," alisema. "Najua nilitazama majani, lakini sijui ni majani ya safari gani." Akajipiga paja. "Kumbe narudi kutafuta hakika, na ndiyo naiacha huko huko!"

Sikumwongezea neno. Mgonjwa akigundua jambo mwenyewe, funga mdomo wako. Ukianza kulieleza vizuri zaidi, unamnyang'anya.

Kuanzia hapo tulikubaliana hivi. Gari likiruka, anatazama kioo mara moja kama dereva yeyote, anaendelea. Harudi. Haulizi. Hofu itapanda, aiache ipande, maana hofu isipopewa inachodai, inashuka yenyewe. Na Mama Zaina alikatazwa kuapa. Akiulizwa, ajibu tu: "Hilo swali silijibu, papa, na unajua kwa nini."

Mama Zaina ndiye aliyeteseka. Baada ya safari za kwanza alikuja amejifunika kitenge mdomo. "Mama Masika, nimeapa. Kidogo tu. Alikuwa anatetemeka, ningefanya nini?" Nilimwambia arudi ajaribu tena. Mnapowafundisha familia, wahurumieni. Kumtuliza unayempenda ni jambo jema, na hapa ndilo linalolisha ugonjwa.

Na mjihadhari, kwa sababu mgonjwa wa wasiwasi ana ujanja wa kuuliza. Swali lile lile linakuja limevaa shati lingine. Asubuhi moja Ramazani alinipigia simu: "Mama, nakusalimia tu. Mumeamka? Watoto wazima? Redio imesema nini leo? Hakuna ajali kwa barabara?" Nilicheka. "Watoto wazima, Ramazani. Redio sijafungua, na kwa ajili yako sitafungua." Akakata simu kwa aibu, kisha akapiga tena kuomba radhi. Hiyo ya pili nilimruhusu.

Alipokuwa ameanza kupata nafuu lakini bado njia ya Rugari inamshinda, nilimwomba mkuu wa kituo ruhusa nipande naye kamyo. Tuliondoka asubuhi, watatu mbele, tukielekea Kalengera kuchukua maharagwe. Kamyo ilikuwa ya buluu, mlango wa upande wangu umefungwa kwa kamba. Kibumba baridi ilituingia mpaka mifupani, chukudu, zile baiskeli za mbao, zikishuka na mifuko ya viazi, vijana wamezipanda wakipiga miluzi. Ramazani aliendesha vizuri. Mimi ndiye niliyeomba Bikira Maria kila kona.

Rugari, gari liliruka. Liliruka kweli, kichwa changu kiligonga paa.

Ramazani alitazama kioo. Mikono yake ikabana usukani.

"Mama."

"Nasikia."

"Wazo limekuja."

"Limesema nini?"

"Lile lile."

"Na wewe?"

"Naendesha."

Jasho lilimtiririka shingoni na baridi yote ile. Mama Zaina aliuma ncha ya kitenge chake ili asijibu swali ambalo hajaulizwa. Halafu, tumeshaacha Rumangabo nyuma, Ramazani akaanza kumsema shemeji yake, jinsi alivyoazima gurudumu na hajarudisha. Nikajua hofu imeshuka. Mtu mwenye hofu kubwa hana nafasi ya kumsema shemeji.

Kalengera tulikaa kwa mchoma nyama, tukaagiza mbuzi na ndizi. Tulikuwa tunakula kwa furaha, mimi najisifu kimoyomoyo, ndipo mwenye pikipiki mmoja akasimama pale akitoa kofia yake, akasema kwa sauti ya mtu mwenye habari:

"Mumesikia? Kule Rugari kamyo imegonga mutu."

Mama Zaina aliacha kutafuna. Nilimtazama Ramazani. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Aliweka nyama chini, akaweka mikono mezani, viganja vimefunguka.

Nami, mwalimu wa wote, moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma. Nilikuwa nasikia kile kishindo cha Rugari, paa lilivyonigonga kichwa, na nikawaza: je, kama?

Ramazani alifumba macho. Alipoongea hakumsemesha mtu.

"Rugari nilipita polepole. Kulikuwa mama mwenye mzigo wa majani ya sombe katikati ya barabara. Nilipiga honi, akasogea, akatuinulia mukono. Kisha gari likaruka, nikatazama kioo, yule mama anatembea. Hii naijua." Akavuta pumzi. "Ile ingine naiogopa tu. Kuogopa siyo kujua."

Kisha alifungua macho akamgeukia mwenye pikipiki na kumuuliza kama dereva yeyote angeuliza: "Kamyo gani?"

"Nyekundu. Ilikuwa inashuka Goma. Imegonga muzee mumoja muguu, wamemupeleka hospitali."

Yetu buluu, na ilikuwa inapanda. Niliona mdomo wa Ramazani ukifunguka tena. Nililiona swali likiwa limefika kwenye meno. Misuli ya shavu lake ilicheza. Akaufunga mdomo.

Na hapo, wanangu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia mwenye pikipiki: "Nyekundu? Una hakika ilikuwa nyekundu?"

Mama Zaina aligeuka akanitazama kwa macho makubwa. Ramazani naye alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza taratibu, halafu mwili mzima, mpaka akashika meza.

"Mama Masika," alisema akijifuta machozi, "swali la kwanza lilikuwa la dereva. La pili ni la ugonjwa. Kula nyama."

Nilikula nyama. Mwenye pikipiki alitutazama kama watu wasio na utu, wanacheka na mtu amevunjika mguu, akaenda zake. Alikuwa na haki, lakini maelezo yangekuwa marefu.

Tuliporudi na maharagwe tulipita Rugari mchana bado mkubwa. Kamyo nyekundu ilikuwa kando, watu wamesimama. Ramazani alisimamisha gari, akauliza kama kuna msaada wa kutoa. Wakamwambia mzee ameshafika hospitali, ni mguu tu, ataishi. Akawapa pole akapanda. Tulipoondoka alisema kwa sauti, "Sawa, umekuja tena. Nenda ukakae nyuma na maharagwe." Nikajua hasemi na mimi wala na mkewe.

Sasa lile swali la mwenzenu. Mgonjwa haachi, kwa sababu anajua jambo moja na anaamini lingine. Anajua ni jiwe. Anaamini kwamba mtu aliyewaza mauti hana haki ya kupita bila kurudi. Kazi yenu siyo kubishana naye juu ya jiwe, maana juu ya jiwe mmeshakubaliana. Kaeni naye kwenye lile analoamini juu ya mawazo yake, mlipime pamoja, kwa subira, na kucheka kukiwezekana. Mkicheka naye mko salama. Mkimcheka, mrudishe blauzi.

Ramazani hakupona siku ile. Alimeza vidonge muda mrefu. Kuna miezi hali ya nchi iliharibika, usingizi ukakosekana, na wasiwasi ukarudi na nguvu zake. Naye akarudi kituoni, tukaanza tena mahali tulipoachia. Ilikuwa rahisi kuliko mwanzo. Mwenye kamyo alimwachia funguo. Mama Zaina sasa analala njia nzima na, kwa ushuhuda wa mume wake, anakoroma.

Mwezi uliopita walipita kunisalimia, kamyo imesimama hapa nje ya geti, watoto wa jirani wakiizunguka. Tulipokuwa tunakunywa chai, Ramazani alimgeukia mkewe akamuuliza jambo lililoonekana kumsumbua tangu njiani.

"Mama Zaina, kule Kibumba wameanza lini kulima karoti?"

"Tangu sisi watoto."

"Zile zote? Mpaka kwenye kilima?"

"Mpaka kwenye kilima, papa. Weye ulikuwa unaangalia matairi."

Alitulia na kikombe chake mkononi. Hakuonekana mwenye huzuni. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa chumba kingine ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kisha aliweka kikombe chini, akatoka, nikamsikia akipanda nyuma ya kamyo. Alirudi na fungu kubwa la karoti, bado zina udongo mweusi wa Kibumba, akaziweka mezani kwangu katikati ya vikombe.

"Nilisimama kuzinunua," alisema. "Nilisimama kwa barabara, mama, juu ya karoti."